Maharagwe Yaliyoungua Kayole: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Hasira

Mama wa makamo, mchuuzi wa nguo za watoto katika soko la Gikomba, Nairobi, alifika nyumbani kwake Kayole saa mbili usiku akakuta moshi umejaa ngazini. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amebandika maharagwe kwenye meko, akaingia chumbani kusoma, maji yakakauka. Mama alizima gesi, akaishika sufuria kwa mikono mitupu na kuitupa koridoni, kisha akamgeukia msichana na mwiko. Alimpiga mpaka jirani akaingia kati. Msichana alilala kwa jirani, na asubuhi akapanda gari kwenda kwa mama yake mdogo Dandora. Wiki ikaisha hajarudi wala hapokei simu. Hapo ndipo mama alipokuja kutafuta msaada.

Niseme mapema kwamba mama huyu ni wa kufundishia. Nimemjenga kutokana na mambo ambayo sisi washauri nasaha huyasikia mara kwa mara, ili asipatikane mtu wa kuonyeshwa kidole kwamba ndiye. Soko lenyewe, mioto yake, sheria na tafiti nitakazozitaja ni vya kweli.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Daktari, mimi nina hasira mbaya. Nataka initoke." Mimi si daktari, lakini wengi hutuita hivyo na si wakati wa kubishana. Ombi lake ndilo lililonishughulisha. Alikuwa tayari ameshajipa jina la ugonjwa: mtu wa hasira. Mumewe alisema hivyo, mama mdogo wa Dandora alisema hivyo, na yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba amerithi kwa babake. Ila nilipomuuliza tangu lini, alifikiri kidogo akasema hata mwaka haujaisha. Hasira ya kurithi haianzi ukiwa na watoto watatu.

Kabla ya maharagwe kulikuwa na moto

Miezi minne nyuma alipigiwa simu alfajiri. "Kuja, tunaungua." Alipofika Gikomba, mabati yalikuwa yamejikunja na mbao bado zinatoa moshi. Alikuwa amefungua beli mbili za mitumba siku iliyotangulia. Kamera, yaani zile nguo za kwanza zilizo safi kabisa, alikuwa ameshazipiga pasi na kuzitundika zikisubiri wateja wa Jumamosi. Hakuna kilichobaki. Alinisimulia alivyochutama na bintiye wakipekua majivu, wakiokota zipu na vifungo vya chuma vya makoti ya watoto, kwa sababu ndivyo pekee ambavyo moto haukuweza kuvila. Walijaza mkebe wa maziwa ya unga. Nilimuuliza walivipeleka wapi. Akasema viko chini ya kitanda, hajui kwa nini hajavitupa.

Moto Gikomba si habari ngeni. Ule wa usiku wa kuamkia Juni 28, 2018 uliua watu 15, na kabla na baada yake vibanda vimeteketea mara nyingi. Wafanyabiashara wengi wanaamini kwamba baadhi ya mioto huwashwa na wanaoitaka ardhi ile. Mimi sina la kuthibitisha hapo, lakini ni lazima niliweke kwenye kisa, kwa sababu mtu anayeamini kwamba mali yake iliunguzwa makusudi hana majonzi peke yake. Ana pia hasira ya kudhulumiwa, na hana wa kumdai.

Bima hakuwa nayo. Alikuwa na deni la chama chake cha kuweka na kukopa, na mkopo wa simu. Siku ya tatu alishanunua mbao, akapigilia kibanda upya. Chama kikamwongezea mkopo, kanisani akaitwa mbele kutoa ushuhuda, na kila mtu akamwambia, "Wewe ni mwanamke wa nguvu." Nilimuuliza alilia lini. "Sikuwa na nafasi," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini hakulipa bili ya maji.

Siku yenyewe, hatua kwa hatua

Nilimwomba anisimulie siku ya maharagwe tangu alipoamka, bila kuruka chochote hata kama anakiona cha kipuuzi. Njia hii ya kufuata mnyororo wa tukio, pingili kwa pingili, ni sehemu ya tiba iliyobuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan, aliyeichapisha kwa ukamilifu mwaka 1993. Naipenda kwa sababu haimuulizi mtu "kwa nini ulifanya hivyo?" Swali hilo humfanya mtu ajitetee. Hapa swali ni moja tu: kisha?

Aliamka saa tisa usiku akachungulia kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa laini yake, yaani safu yao ya vibanda, aone kama kuna moto. Hakuna. Hakupata usingizi tena. Saa kumi na moja alikuwa sokoni. Alikunywa chai kavu. Saa sita ukaingia ujumbe wa mkopo, wa tatu wiki hiyo. Mchana alikula ndizi moja. Alasiri kulikuwa na watu juu ya nguzo ya stima mbele ya laini yao, cheche zikaruka, watu wakapiga kelele, zikaisha. Hilo la cheche alilipitia mbio mbio, na nilipomrudisha hapo akasema, "Aah, hiyo haikuwa kitu." Baadaye Jogoo Road ikafunga kwa msongamano, akakaa garini kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Akashuka Kayole, akapanda ngazi, akasikia harufu.

"Ulipoisikia, mwili ulifanya nini?"

"Magoti yalilegea. Nilisikia moyo unapiga masikioni."

"Na kichwani?"

"Nikasema, tena."

"Hapo ngazini, mama, ulikuwa na hasira?"

Alinyamaza. Mimi pia nikanyamaza, kwa sababu hapo mshauri akiongea tu anaharibu kazi. Kisha akasema, "La. Nilidhani mtoto ameungua."

Hilo alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa hajaliona. Alipanda zile ngazi akiwa na picha ya bintiye ndani ya moto. Alifungua mlango akamkuta mzima, amesimama na kalamu mkononi. Mwili ulikuwa umeshajiandaa kupigana na moto, na moto hakuna. Hasira ilikuja baada ya gesi kuzimwa, hatari ilipokuwa imekwisha. Ndiyo maana haikuweza kuwa ya kumwokoa mtu.

Nasisitiza mpangilio huu wa wakati kwa sababu msaada wote unategemea hapo. Tungemfundisha mama huyu kuzuia hasira tu, tungekuwa tumefika baada ya wageni kuondoka. Kilichohitaji kutunzwa ni hofu iliyoanza saa tisa usiku, ikapata cheche alasiri, ikapanda gari moja naye mpaka Kayole. Hasira ilikuwa ndiyo hisia pekee aliyoweza kuionyesha bila kupoteza kitu. Sokoni, ukionekana unaogopa, wa kukukopesha anarudi nyuma. Kanisani alishatoa ushuhuda, na mtu aliyeshuhudia anaona haya kurudi wiki inayofuata kusema bado anatetemeka. Nyumbani, mumewe ni soja Industrial Area, analinda usiku na kulala mchana. Wakikutana ni dakika chache za kupokezana funguo. Mtu mwenye hasira huheshimiwa au huogopwa. Mtu mwenye hofu huambiwa akaze moyo.

Kukaza moyo sikukatai. Siku ya moto kulimsaidia: kulimwezesha kununua mbao na kuwalisha watoto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia alegeze lini. Katika miaka ya tisini, wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walionyesha watu filamu zenye picha za kuchukiza, wengine wakaambiwa waangalie tu, wengine waangalie bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Waliojificha walifanikiwa, nyuso zikatulia. Lakini vipimo vya mwili, hasa mishipa ya damu, vilionyesha mwili ukihangaika zaidi. Hizo ni dakika za filamu. Mama huyu alikuwa na uso mtulivu kwa miezi minne, na ndiyo sababu sufuria moja ilitosha.

Hofu ya kweli haibembelezwi tu

Hapa ninatofautiana na ushauri mwingi unaotolewa kuhusu hisia. Mtu akisema anaogopa, tunakimbilia kumtuliza: pumua, fikiria mazuri, muachie Mungu. Sasa, mama huyu anaogopa kwamba Gikomba itaungua tena. Je, amekosea? Mimi singethubutu kumwambia hofu yake haina msingi, maana akitoka hapo na soko liungue wiki ijayo, nitakuwa nimemfundisha kutoamini moyo wake unapomwonya.

Kwa hiyo tuliipokea hofu kama shahidi, tukaisikiliza inasema nini hasa. Ilikuwa inasema mambo mawili. La kwanza: mali yote iko mahali pamoja, penye nyaya mbovu, na nikiungua tena sitainuka. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kazi. Alianza kuhifadhi nusu ya mzigo kwenye stoo ya mwenzake nje ya soko, kwa kodi wanayogawana. Wenye vibanda vya laini yake walichanga wakanunua kizima moto, na wakapeleka malalamiko ya nyaya kwa kamati ya soko, kwa maandishi na sahihi zao. Chama kikatenga mfuko wa dharura usiokopeshwa. Ile hasira ya kudhulumiwa nayo ilipata pa kwenda: yeye ndiye aliyeandika barua. Aliniambia usiku alioiandika alilala vizuri kuliko siku nyingi.

Jambo la pili ambalo hofu ilikuwa inasema halikuwa kweli: kwamba akiacha kuchungulia simu saa tisa usiku, moto utawaka. Kila alipochungulia na kukuta salama, moyo ulitulia kwa muda, na utulivu ule ukamfundisha mwili kwamba ni kuchungulia ndiko kulikomwokoa. Kesho yake akaamka tena. Hapa sikumwambia "acha tu". Tulitafuta njia ya kuufanya uchunguzi usiwe na kazi. Walikubaliana yeye, majirani zake wawili wa kibanda na mlinzi wa usiku: ikitokea lolote, mlinzi anapiga simu, hatumi ujumbe. Simu inabaki na mlio, imewekwa juu ya kabati upande wa pili wa chumba. Akiamka saa tisa, anajua kwamba kimya maana yake hakuna moto. Wiki ya kwanza alishuka kitandani mara kadhaa kuiangalia. Baadaye ikapungua.

Kwa zile dakika za ngazini tulifanya mazoezi mawili tu. Kwanza, kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mara kadhaa kabla ya kufungua mlango. Pili, kuitaja hisia kwa jina lake, kwa sauti ya chini: "Hii ni hofu. Iko kifuani. Nimeogopa tangu zile cheche." Linaonekana jambo dogo mno. Lakini mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walichapisha utafiti wa picha za ubongo, wakaona kwamba mtu akiipa jina hisia anayoiona kwenye uso wa mwingine, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika sana na tishio, hupunguza mwitikio wake. Kwa mama huyu faida ilikuwa ya wazi zaidi ya hiyo: akishasema "hofu", mkono haujui umpige nani.

Jirani alimshauri awe anapiga mto kila hasira ikimpanda, aitoe yote. Nilimwomba asifanye hivyo. Mwanasaikolojia Brad Bushman alichapisha jaribio la jambo hilo mwaka 2002: waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi, si pungufu. Atembee mpaka stejini na kurudi, afue nguo, aongee na mtu. Mto auache.

Msichana

Sehemu hii ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, na ndiyo niliyoianza siku ya kwanza kabla ya hayo yote. Mtoto alikuwa amepigwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kila aina ya ukatili na adhabu ya kinyama, na hofu ya mama, hata iwe kubwa namna gani, haiondoi haki hiyo. Nilimwambia hivyo waziwazi. Kumwelewa mtu na kumruhusu ni mambo mawili, na mshauri asiyeweza kusema yote mawili kwa pumzi moja hamsaidii mteja wake.

Familia ilikuwa na mpango mwingine. Mama mdogo wa Dandora, kwa nia njema kabisa, alitaka msichana arudi apige magoti amwombe mamake msamaha kwa kuunguza chakula, kisha yaishe. Nilipinga. Mtoto akiombeshwa msamaha kwa kupigwa, anajifunza kwamba hisia za wakubwa ni mzigo wa wadogo.

Tulifanya mazoezi ya maneno. Mara ya kwanza mama alisema, "Nisamehe, lakini na wewe uliacha meko." Tuliiondoa "lakini" na kila kilichoifuata. Mara ya pili akasema, "Nisamehe, nilikuwa na mawazo mengi." Hilo nalo halikutosha, maana halitaji kilichotendeka. Mwishowe alikwenda Dandora Jumapili jioni, akamkuta binti anamenya viazi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake akasema: "Nilikupiga. Haikuwa haki yako. Nilisikia moshi nikadhani umeungua, nikaogopa sana, halafu hofu yangu nikaimalizia kwako. Sitakupiga tena. Utarudi siku utakayotaka wewe."

Msichana aliendelea kumenya. Mama alikuwa ameandaliwa kwa hilo, akavumilia bila kudai jibu. Kiazi cha pili au cha tatu, binti akasema bila kuinua macho, "Mimi pia naogopa moto."

Katika miezi minne hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Yeye ndiye aliyechutama kwenye majivu akiokota zipu pamoja na mamake, kisha Jumatatu akavaa sare akaenda shule. Alisoma akiwa amejifungia chumbani jioni ile ya maharagwe kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, aliogopa karo ikikosekana alama zake zitakuwa ndizo za kumtetea. Nyumba moja, watu wawili wenye hofu ileile, kila mmoja akimkazia mwenzake moyo.

Binti alirudi nyumbani siku ya nne baada ya hapo. Baada ya kama wiki mbili, kwa pendekezo la mama, walipika maharagwe pamoja, wakayaacha makusudi yakaukie kidogo mpaka harufu ikasikika, wakakaa nayo jikoni madirisha yakiwa wazi mpaka mioyo ikashuka. Hili nililipanga nao kwa uangalifu, na si zoezi la kumpa mtu wiki ya kwanza. Mama alilia jikoni pale, kwa mara ya kwanza tangu moto. Binti alizima meko akamletea maji.

Muda na mahali pa msaada

Mtu anaweza kuuliza: mama wa soko atapata wapi nafasi na pesa ya haya yote? Tulikutana mara tano, asubuhi za Jumatatu, siku ambayo biashara yake ni ya polepole. Idadi hiyo sikuiotea. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano unaofundisha kutuliza mwili, kushughulikia matatizo yanayotatulika, kurudia shughuli zilizoachwa na kuimarisha watu wa kukushika mkono. Ulijaribiwa katika maeneo ya pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 518, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliotoa msaada walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo, si wataalamu wa saikolojia. Dhiki ya wanawake waliopitia vikao hivyo ilishuka kuliko ya waliopewa huduma ya kawaida. Kwangu hiyo ni habari kubwa: msaada wa namna hii unaweza kutolewa Kayole na mtu wa Kayole.

Bado kuna mambo ambayo hayajakaa sawa. Mkopo wa simu upo. Mumewe alikuja mara moja, akasikiliza, akasema "sawa", na sijui alibeba nini. Ndoto za moto zimepungua lakini hazijaisha, na dalili za namna hiyo zikizidi mwezi mmoja baada ya tukio ni lazima zipimwe na daktari wa akili, kwani huenda kuna ugonjwa wa kiwewe unaohitaji tiba yake maalumu. Nimempa barua ya rufaa kwenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili pale Thika Road. Aliikunja akaitia kwenye mkoba, akaniuliza watu wakimwona akishuka steji ile watasema nini. Hatukupata jibu zuri siku hiyo. Tulikubaliana kwamba mmoja wa wenzake wa chama, ambaye aliwahi kumpeleka kakake kliniki ile, atamsindikiza.

Binti naye ameomba kuja peke yake. Mama aliuliza kama nitamweleza watakayozungumza. Nilimwambia la, isipokuwa kukiwa na hatari kwa maisha yake, na kwamba hilo nitamwambia msichana mbele yake kabla hatujaanza. Alifikiri, akauliza tu ni saa ngapi, ili ajue wa kumwachia kibanda akimleta.